Kichina na Kiilokano: Mkopo si Udugu

Kuna namna moja ya kulinganisha lugha ambayo inapendwa sana, hata na watu waliosoma. Mtu anaokota maneno kumi ya lugha hii na kumi ya lugha ile, anaona yanafanana, halafu anakata maneno: hii ni mama, ile ni mtoto. Namna hiyo ni nyepesi, lakini inadanganya. Tutaipima hapa kwa lugha mbili za Asia zilizokaa jirani kwa muda mrefu: Kichina, na Kiilokano cha kaskazini ya kisiwa cha Luzon, kule Ufilipino.

Kiilokano si lugha ndogo. Ni ya tatu katika Ufilipino kwa wingi wa watu wanaoinyonya kwa mama zao, nyuma ya Kitagalog na Kisebuano. Mji wake unaojulikana kupita yote ni Vigan, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia katika mwaka 1999. Wachina walifika pale kufanya biashara, wakaoa, wakajenga. Mtaa wao uliitwa Kasanglayan, ndiyo kusema pahali pa Wasangley, jina ambalo Wahispania waliwapa Wachina. Pamoja nao yaliingia maneno: pansit, ni tambi, sawa vile spageti, miki, ni tambi za namna ingine, tokwa, ni maziwa ya soya yaliyogandishwa.

Njo hapa wengine wanaruka na kusema: basi Kiilokano kimezaliwa na Kichina! Polepole. Angalieni maneno yale yanatoka wapi: yote matatu yanatoka jikoni. Neno la kuazima linaingia kwa mlango ule ambao biashara imefungua, na linakaa karibu na mlango ule. Zaidi ya hayo, Kiilokano kiliazima kwa Wahispania mengi kupita kwa Wachina. Meza inaitwa lamisaan, kutoka mesa ya Kihispania. Kaka mkubwa ni manong na dada mkubwa ni manang, kutoka hermano na hermana. Mgeni aliingia mpaka ndani ya ukoo! Lakini nani amesema kwamba Kiilokano ni mtoto wa Kihispania? Na sisi wenyewe, meza yetu ilitoka kwa Wareno, na chai yetu ilianza safari yake kule China. Hata hivyo hakuna mtu anayetuita Wareno ao Wachina.

Basi udugu wa lugha tutautafuta wapi? Kwanza katika maneno ambayo watu hawaazimi kwa urahisi, na katika kufanana kunakorudi kwa mpango. Tuchukue hesabu. Mwilokano anasema: dua, tallo, uppat, lima, innem, pito, walo. Ni kusema mbili mpaka nane. Sasa tusikilize Madagaska, mbali sana, ngambo ya Bahari ya Hindi: roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo. Angalieni namna pito inakuwa fito, uppat inakuwa efatra: p ya huku ni f ya kule, na inarudi hivyo. Huo njo udugu. Kichina cha Beijing kinahesabu èr, sān, sì, wǔ, liù, qī, bā. Hakuna mpango wa namna ile. Kwa hiyo Kiilokano kina ndugu Madagaska kupita China ambayo iko jirani yake. Wataalamu wanaita jamaa hiyo Kiaustronesia, na wengi wanaona kwamba wazee wake walitoka Taiwan, wakavuka kufika Luzon miaka 4000 hivi iliyopita.

Tujihazari pia na mtego mwingine. Kwa Kiilokano kuandika ni surat. Msomaji wa Kiswahili atafurahi: si hiyo ni sura ya kitabu? Hapana. Sura yetu inatoka Kiarabu, na surat yao ni neno la zamani la jamaa ile ya Kiaustronesia. Yamekutana tu njiani, kama watu wawili waliovaa kitambaa kimoja bila kujuana.

Neno hilo hilo litatuonyesha tofauti kubwa kupita zote, ile ya ujenzi. Mwilokano anachukua surat, anaivalisha vipande mbele, ndani na nyuma: agsurat, kuandika, nagsurat, aliandika, agsursurat, anaandika sasa hivi, sinurat, kile kilichoandikwa na fulani. Sisi wenye andika, andikia, andikisha na andikwa tunaelewa mara moja kazi ya namna hiyo, hata kama hatuna udugu naye. Mchina anafanya kinyume. Kuandika ni xiě, na xiě haibadiliki. Anaweka neno pembeni: zài xiě, yuko anaandika, xiě le, amekwisha kuandika. Lakini Mchina ana chombo kingine, toni. Mā ni mama, mǎ ni farasi, mà ni kutukana. Kiilokano hakina toni. Wasemaji wa Lingala hawatashangaa, kwani moto ni mtu na motó ni kichwa. Lakini je, toni inafanya Lingala kuwa ndugu ya Kichina? Tunarudi palepale.

Haki inataka tuseme pia neno la upande mwingine. Toka mwaka 1990 mtaalamu mmoja Mfaransa, Laurent Sagart, anatetea wazo kwamba Kichina na Kiaustronesia vilikuwa na babu mmoja zamani sana. Yeye haokoti maneno ovyo, anatafuta kanuni za sauti, na kwa hiyo anafaa kusikilizwa. Wataalamu wengi hawajakubali. Lakini hata kama siku moja atapewa haki, Kiilokano kitakuwa ndugu wa mbali wa Kichina, hapana mtoto wake. Ndugu na mtoto si kitu kimoja.

Juu ya nini tunasumbuka na mambo haya? Juu lugha inayoitwa mtoto inapewa kiti cha mtoto. Watu wanapima Kichina kwa maandishi yake ya zaidi ya miaka 3000, halafu wanaona Kiilokano kama maneno ya kijiji. Wanasahau kwamba Kiilokano kilikuwa na alfabeti yake, kur-itan, na kwamba kitabu cha dini cha mwaka 1621 kilichapishwa kwa alfabeti hiyo. Na Kichina chenyewe si kimoja. Pansit na wenzake walitoka Kihokkien cha kusini, ambacho mtu wa Beijing hasikii. Lakini kule China Kihokkien kinaitwa fangyan, maneno ya pahali. Kule Ufilipino Kiilokano kinaitwa dialekto. Kumbe hapo njo zinafanana kweli: siyo katika sauti, ni katika namna wakubwa wanavyozipanga.

Na mpango huo unafika mpaka darasani. Toka mwaka 2012 Kiilokano kilikuwa kati ya lugha za kufundishia watoto wadogo wa Ufilipino mpaka mwaka wa tatu wa masomo. Katika Oktoba 2024 sheria namba 12027 iliondoa lazima hiyo, ikarudisha mbele Kifilipino na Kiingereza. Sisi tunaosoma neno patois katika vitabu vya zamani juu ya lugha za babu zetu, hatuna haja ya kuelezwa maana yake.

Tulinganishe lugha, ndiyo. Ni kazi nzuri na inafungua macho. Lakini tuulize kwanza maswali matatu. Neno hili ni la kuazima ao la kurizi? Kufanana kunarudi kwa kanuni ao kumetokea mara moja tu? Na yule anayelinganisha anatafuta kujua, ao anatafuta kumweka mwingine chini? Mtu asiyejibu la tatu, hata kama amejibu mawili ya kwanza vizuri, kazi yake haijaisha.