Mng'ao wa Kiko Usikudanganye

Ukionyeshwa kiko cha mti cha zamani huko Iga Barrière, Kongo, ukaambiwa kimetengenezwa upya nyumbani, toka nacho nje juani kabla hujakisifu. Kigeuzegeuze. Ukiona kwanza nyuzi za mti, kisha mng'ao, hiyo ni nta. Ukiona kwanza mng'ao, tena mzito kama kioo, basi hapo pamepita vanishi ya samani. Vanishi inafaa mlango na kabati. Bori, kikombe cha tumbaku, hupata moto kila mara mtu anapovuta, na siku si nyingi vanishi itafura malengelenge na kubanduka.

Kisha tazama shingo, mahali mtengenezaji alipogonga jina lake. Mimi hapo ndipo ninapoamua. Herufi zikiwa zimefifia upande mmoja, mtu amepitisha msasa bila huruma. Afadhali kiko chenye kibonyo na jina kamili kuliko kilicholainishwa hadi kikapoteza ukoo wake. Kibonyo kina dawa: weka juu yake kitambaa kibichi, gusisha kisu kilichopashwa moto, mvuke uingie, mti huvimba na kurudi mahali pake. Msasa wa nini tena?

Pitisha ukucha pale digali, mrija wa kuvutia, linapoingia shingoni. Usikwame. Ukikwama, digali lilisuguliwa likiwa limechomolewa, kingo zikaliwa. Digali la ebonaiti hugeuka kijani-kahawia kwa sababu ya jua na salfa iliyo ndani yake. Fundi mvumilivu huiondoa rangi hiyo kwa msasa wa maji, akianza namba 400 na kupanda hadi 2000. Mwenye haraka hulipaka mafuta tu, na baada ya wiki chache ukijani umerudi.

Nta yenyewe ina siri. Ile ya karnauba, itokayo kwenye mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, huyeyuka ikipita nyuzi 80 za Selsiasi. Ya nyuki huyeyuka kwenye 63 hivi, kwa hiyo ikipakwa nene, kiko kikipata moto kitanata mkononi. Pakaza kidogo mno, sugua kwa pamba mpaka kitambaa kiteleze bila kukokota. Ukishuku kuwa kimepakwa rangi ya viatu badala ya nta, pasha kiko kwa viganja, kisha kifute kwa kitambaa cheupe kikavu: weusi utajitokeza wenyewe.

Ndani ya bori, masizi magumu yabaki unene wa sarafu nyembamba. Aliyeyakwangua hadi mti ukawa mtupu ameuacha uungue.

Viko vya madini meupe ya Sinya, upande wa Tanzania wa Amboseli, vina sheria nyingine. Kwa viko hivyo nta ya nyuki ndiyo haki yake, na hudhurungi inayopanda taratibu kutoka chini ya bori ni kazi ya miaka ya uvutaji. Ukikuta kiko kimesuguliwa kikawa cheupe tena, usikinunue.