Voodoo5 6000: kadi iliyotaka plagi yake ukutani

Kadi ya michoro ya Voodoo5 6000 ilikuwa na tundu la umeme mgongoni. Lilikuwa la adapta yake yenyewe, iliyoitwa Voodoo Volts, ambayo ungeichomeka ukutani kando ya plagi ya kompyuta na ile ya skrini. Kampuni ya 3dfx ya California iliitangaza kadi hiyo mwishoni mwa 1999, ikitarajiwa kuuzwa kwa takriban dola 600. Dukani haikufika. Bodi chache za majaribio zilizosalia hugombewa na wakusanyaji kwa maelfu ya dola.

Wengi huicheka ile plagi. Kwangu plagi ni dalili tu. Ugonjwa, na uzuri pia, vilianzia kwenye uamuzi wa kurudia chipu moja mara nne.

Chipu yenyewe, VSA-100, haikuwa na maajabu: mwendo wa megahezi 166, pikseli mbili kwa kila pigo la saa. Ujanja ulikuwa katika kuzipanga. Moja ilikupa Voodoo4 4500, mbili Voodoo5 5500, nne ndiyo 6000. Skrini hukatwa vipande vya mistari, kila chipu ikapaka vyake, na kwa hesabu ya karatasini unapata pikseli bilioni 1.33 kwa sekunde. Wazo si geni. Mwaka 1998 kadi mbili za Voodoo2 ziliunganishwa hivyohivyo, moja ikichora mistari ya shufwa na nyingine ya witiri.

Lakini angalia kumbukumbu. Tangazo lilisema megabaiti 128, ilhali kila chipu ilikuwa na 32 zake na haikuweza kuchungulia za jirani. Picha ya matofali ya ukuta mmoja wa mchezo ilibidi ihifadhiwe mara nne. Kila pembetatu kati ya zile zinazounda mandhari ya mchezo nayo ilipelekwa kwa chipu zote nne, na kila moja ikaiandaa upya kabla ya kupaka mistari yake. Matokeo: kasi ya kupaka rangi huongezeka mara nne, kasi ya kuandaa pembetatu inabaki ya chipu moja. Na mahesabu ya kuzizungusha pembetatu hizo 3dfx waliiachia prosesa ya kompyuta, wakati GeForce 256 ya NVIDIA ilishayahamishia kwenye kadi tangu Oktoba 1999.

Sasa njoo kwenye kingo za vitu vilivyochorwa, maana hapa ndipo hasara ile iligeuzwa mtaji.

Chukua waya wa umeme uliokaribia kulala mlalo kwenye skrini. Pikseli ama ni waya ama ni anga, kwa hiyo waya hupanda kwa vidato kama meno ya msumeno, na ukisogea, meno yanatembea. Dawa ni kupima kila pikseli mara nne na kuchukua wastani. GeForce2 ya NVIDIA ilichora picha kubwa maradufu kila upande, kisha ikaipunguza. Vipimo vyake vinne vikakaa kama pembe za mraba, viwili juu, viwili chini. Kwa ukingo uliokaribia kulala, vile viwili vya safu moja hutoa takriban jibu lilelile: umelipia vinne, umepata viwili. 3dfx waliuinamisha mraba huo. Basi. Kila kipimo kikapata kimo chake peke yake, na badala ya rangi moja ya kati baina ya waya na anga, ukapata tatu kwa kazi ileile.

Na kama kila chipu lazima ipokee mandhari yote hata hivyo, kwa nini isiichore ikiwa imesogezwa kwa sehemu ya pikseli? Ndivyo walivyofanya. Kila chipu ilibeba vipimo viwili, na chipu nne zingetoa vinane. Wastani ulifanyika mwishoni kabisa, picha ikiwa njiani kwenda kwenye skrini. Sijaona matumizi bora zaidi ya marudio.

Chipu nne, hata hivyo, zilileta taabu ambayo mbili hazikuwa nayo. Tundu la AGP, ambamo kadi ya michoro ilichomekwa kwenye kompyuta, lilibuniwa kwa ajili ya kifaa kimoja, hivyo ikabidi ipachikwe chipu ya daraja ya kugawa data, na bodi ikarefuka mno. Waya wa umeme wa diski, uliotosha kuilisha 5500, haukuaminiwa tena. Hapo ndipo adapta ya ukutani ilipozaliwa.

Desemba 2000, 3dfx ilikubali kuiuzia NVIDIA mali zake muhimu. Lakini chipu hizohizo zilikuwa zimepata makao kwingine: Quantum3D ilizipanga kwa wingi katika mitambo ya AAlchemy ya kufundishia urushaji wa ndege, kwa wateja ambao bei wala plagi ya ziada havikuwashtua.