Sentensi Kumi za "Mimi"

Nilikuwa Nyamirambo nikimsomea mama mmoja, mkimbizi wa Kongo kama mimi, fomu ya kupima jinsi mtu anavyojithamini. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri tu. Nilipofika sentensi ya nane, inayosema mtu anatamani kujiheshimu zaidi, akaweka kikombe chini.

"Eh, mwanangu! Kwani mimi sijiheshimu? Nani amekuambia hivyo?"

Alikuwa na haki. Kwetu anayejiheshimu ni mtu wa mwenendo mzuri: hatukani, hakopi akatoroka. Jirani yake alijibu "nakubali kabisa", kwa kuwa nani hataki kuwa mtu mwema zaidi? Akapata sifuri, maana kwenye sentensi hiyo anayekubali ndiye anayepoteza alama.

Fomu yenyewe si mbaya. Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, aliitoa mwaka 1965, baada ya kuwauliza wanafunzi wa sekondari zaidi ya 5,000 wa jimbo la New York. Sentensi 10, kila moja na majibu 4, na baada ya dakika chache umemaliza. Ndiyo sababu inapendwa. Mwaka 2005 Schmitt na Allik walitoa matokeo yake kutoka nchi 53, kwa lugha 28. Kwa jumla ilifanya kazi, ila ile ya nane ilisumbua. Basi yule mama hakuwa peke yake.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Sentensi zote kumi ni mimi, mimi, mimi. Hamna mume, mtoto wala jirani. Na Rosenberg mwenyewe hakuishia hapo! Katika utafiti uleule aliwauliza vijana kama wazazi wao wanawajua rafiki zao, wanasema nini wakiona ripoti ya shule, na kama wanawashirikisha katika mazungumzo ya mezani. Wale ambao wazazi hawakuwajali walijithamini kwa kiwango cha chini zaidi. Maswali hayo yamebaki kitabuni. Zile sentensi kumi ndizo zilizopanda ndege zikatufikia.

Mwaka 1995 Mark Leary na wenzake walieleza kwamba kujithamini ni kipimo cha ndani kinachoonyesha kama watu wametupokea au wametutenga. Naona ni kama mshale wa mafuta. Motari yeyote wa Kigali anajua: ukishuka, hauusukumi kwa kidole, unatafuta mafuta. Mimi mwenyewe, wiki ambayo dada yangu aliyeko kambi ya Kiziba hajanipigia simu, fomu hiyo ningeijaza vibaya. Semina ya kujiamini isingenisaidia kitu. Simu yake ingetosha.

Tulipomaliza, yule mama alifunga mlango akaenda kwenye likelemba. Yeye ndiye anayeshika pesa. Wanawake kumi na wawili, wote waliokimbia na kupoteza kila kitu, wanampa yeye akiba yao. Hamna sentensi iliyomuuliza hilo, na alama zake zikatoka ndogo.

Ndugu zetu wa mashirika, kwanza badilisheni lile neno la sentensi ya nane. Halafu ongezeni maswali mawili tu. Mtoto wako akiugua usiku, utamwamsha nani? Na wa kwake akiugua, nani atakuja kukuamsha wewe?

Hilo la pili msilisahau. Sisi wakimbizi tumeulizwa sana tunahitaji nani. Ni mara chache tunaulizwa nani anatuhitaji.