Jina Lililo Pembeni mwa Nota

Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafariki Desemba 2010, na hadi leo makonda wanalitaja jina lake kutwa nzima. Alistahili. Lakini panda hadi uwanda wa juu wa Ufipa, uulize ni nyimbo zipi ambazo mama muuza maharage, mwanafunzi na mzee wa kijiji wote wanaziimba bila karatasi. Jibu halitatoka kwenye dansi wala bongo fleva. Litatoka kanisani, na waliozitunga nyimbo hizo wengi wao hawana hata kichochoro kinachoitwa kwa majina yao.

Mapadri Weupe walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaota mizizi mirefu Ufipa. Kardinali Polycarp Pengo alizaliwa hukohuko, Mwazye. Kwa miaka mingi Misa ilikuwa ya Kilatini. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga wa Peramiho, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mlango ulipofunguliwa, alikuwa ameshafika kizingitini.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika. Mtunzi anapewa maneno, mara nyingi ya Zaburi, na hana ruhusa ya kuyachezea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno kama “msamaha” linataka pigo zito liangukie kwenye “ma”. Likiangukia kwenye “ha”, neno linapinda, na msikilizaji anakereka hata asipojua kinachomkera. Hapo ni soprano tu. Kuna alto, ambayo mtunzi mvivu huiacha ing'ang'anie nota moja toka mwanzo hadi mwisho. Kuna teno. Kuna besi, inayotakiwa kutembea pale soprano inapotulia, la sivyo wimbo unazimika. Yote hayo huandikwa kwa sol-fa, kwa herufi, nukta na vistari, mfumo uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Ulipata makao huku kwa sababu mahitaji yake ni ubao, chaki na mtu mwenye sikio.

Mazoezi ya jioni mwezi Juni, baridi ya Sumbawanga, huko Ufipa, ikiuma, ndiyo mahali pa kuuonea ufundi huu. Watu wamevaa masweta, akina mama wamejifunika vitenge mabegani, wengine wametoka kuvuna mahindi. Mwalimu wa kwaya anatoa “do” kwa kinywa, anawaimbisha besi peke yao, anawarudisha, anawarudisha tena. Teno wanachelewa nusu pigo kuingia kwenye shairi la pili, kwa sababu mtunzi ndivyo alivyotaka, na mwalimu hamwachii mtu mpaka nusu pigo hiyo ikae sawa. Kisha sauti nne zinaunganishwa, na wimbo ulioandikwa na mtu aliye mbali kwa mamia ya kilomita unasimama mzima.

Mtu huyo ni nani? Huenda ni John Mgandu, Joseph Makoye, au Bernard Mukasa, ambaye nyimbo zake zimevuma kupitia Kwaya ya Mtakatifu Kizito ya Makuburi. Wanakwaya wanawajua, maana majina yao yako juu ya karatasi, pembeni. Waumini kwenye mabenchi huijua kwaya tu. Na nota zinaponakiliwa kwa mkono, kutoka daftari hadi daftari, jina la mtunzi ndilo la kwanza kuachwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na haki hiyo haipungui kwa kuwa wimbo unaimbwa wakati wa komunyo.

Wapo wanaosema wimbo wa kanisa ni sala, na anayesali hatafuti jina. Ni hoja ya watu wema, lakini Biblia yenyewe haiiungi mkono: Zaburi zimebeba majina juu yake, Daudi, Asafu, wana wa Kora. Waliozikusanya hawakuona aibu kuyaandika.

Wanaosahaulika zaidi ni walimu wa kwaya wa vigango, ambao hutunga wimbo wa kupeleka vipaji wakati wa mavuno, debe la ulezi na la maharage yakipelekwa altareni, na wimbo huo hauvuki mipaka ya parokia. Kila Novemba 22, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa muziki, kwaya zina nafasi nzuri ya kurekebisha jambo hili: mtunzi atangazwe kabla ya kila wimbo, na madaftari ya zamani yaliyo kwenye makabati ya sakristia yapigwe picha, karatasi kwa karatasi, wakati wazee wanaoukumbuka mwandiko wa kila mwalimu bado wapo.