Dafu halikuwa na kazi Kabanga

Waliofika kwenye onyesho la kuotesha viazi vikuu kwa vipande vya marando pale Kabanga wameona kosa lenyewe: vipande vyote, pasipo kubakiza hata kimoja, vililowekwa kwenye maji ya dafu kwa hoja kwamba ndiyo dawa rahisi ya mizizi.

Rahisi kwa nani? Nyanda za juu za Buha, iliko Kabanga, si nchi ya minazi. Lakini bei ni jambo dogo. Mtafiti Johannes van Overbeek alilisha viinitete vya mnanaha kwa maji ya nazi tangu 1941, na baadaye ikajulikana kuwa yana saitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika. Mwaka 1957 watafiti Skoog na Miller wakaonyesha kwa tishu ya tumbaku: homoni nyingine, oksini, ikizidi, hutoka mizizi; saitokinini ikizidi, hutoka machipukizi. Dafu lina oksini pia, najua, ila kiasi hutegemea umri wa tunda, na hapa hakuna aliyepima. Sukari yake nayo, ndani ya kitalu chenye unyevu, hulisha ukungu. Ugomvi wangu na mlonge ni wa zamani kwa sababu hiyohiyo: majani yake yamejaa zeatini, nayo ni saitokinini, lakini kila semina yanatangazwa kuwa dawa ya mizizi.

Baya zaidi, hapakuwa na trei ya maji matupu. Kifundo cha kiazi kikuu kina uwezo wake wa kutoa mizizi. Vipande vikishika, dafu litasifiwa bure. Vikioza, italaumiwa mvua.

Mengine yalikwenda sawa: marando yalikatwa kabla mmea haujatunga kiazi, jani likaachwa, kisu kikasafishwa.

Sikatai vitu vya kienyeji: watafiti wa Umudike, Nigeria, walioeneza mbegu za vipande vya gramu 25, hawakudharau majivu ya jikoni. Watafiti wa IITA, taasisi ya kilimo ya Ibadan, waliotesha marando kwenye maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa mkaa, yanayoshika unyevu na kupitisha hewa. Hapa kwetu asali ya Kibondo ipo jirani. Haiiti mizizi, lakini huzuia vijidudu kwenye jeraha, na vipande vingi hufa kwa kuoza.

Msimu ujao ziwekwe trei tatu za marando ya shina moja: maji matupu, asali iliyozimuliwa, na dafu kwa wanaoling'ang'ania. Vipande vihesabiwe mbele ya wakulima, vilivyooza pia.