Muti wa panda na uta wa mulopwe: tunaonyesha nini, tunaficha nini?

Mu kitabu hiki tumezoea kuandika juu ya vitu vikubwa vya mababu: viti vya wafalme, lukasa, ngoma, sura za kuchonga. Safari hii tunataka kusema juu ya miti mitatu iliyofungwa na kamba. Mwenye kucheka acheke kwanza, halafu asome mpaka mwisho, kwa sababu juu ya ile miti mitatu tulikosana sana sisi kwa sisi.

Jambo lilianza hivi. Tulikuwa tunatayarisha maonyesho madogo juu ya uwindaji wa zamani. Kijana mumoja fundi wa kuchonga alituletea kisimamio cha uta cha Kiluba, alichokichonga kwa kufuata picha: matawi matatu yenye kukatwa alama nzuri, chini yake sura ya mwanamuke, na chini kabisa chuma cha kuchomeka mu udongo. Kazi nzuri kweli. Mwanafunzi mumoja naye alileta arbaleti aliyojitengenezea mwenyewe, ile aina ya uta yenye kitako kama bunduki. Kisha muzee mumoja, mutu wa upande wa Bukama, akakata miti mitatu na kuifunga, ili arbaleti ya mwanafunzi ipate pa kuegemea.

Sisi tukaandika karatasi moja kwa vitu vyote viwili: «Egemeo la kulengea la muwindaji». Batu wakajaa mbele ya sura ya mwanamuke. Kwa miti ya muzee hakuna aliyesimama. Mwisho wa siku tulikuta mutu ametundika koti lake pale. Muzee alisoma ile karatasi yetu, akanyamaza kidogo, akasema: «Batoto, munachanganya. Hii ya kwangu njo ya pori, ikivunjika unatupa. Ile ingine ni kitu ya bulopwe, habaionyeshaka mbele ya batu.»

Tulijitetea, lakini alikuwa na haki. Kosa ni letu, na tunataka kulieleza wazi, juu makumbusho mengi makubwa kuliko sisi yanaweza kuanguka mu kosa lile lile.

Tuanze na miti ya pori, maana yenyewe njo watu wanaidharau. Muzee alichagua miti mitatu iliyonyooka, unene wa kidole gumba, urefu wa kufika kwenye kidevu cha mwenye kuitumia. Akatoa maganda, akaiacha ikauke kwenye kivuli, imefungwa pamoja ili isipindane. Akaifunga chini kidogo ya ncha za juu, kiasi cha kiganja kimoja, na kamba ya gome la muti wa miombo. Alisema leo vijana wanafunga na mpira wa ndani wa kinga, nayo ni sawa, tena haina kelele. Kamba isikazwe sana: miguu inapaswa kufunguka na kufungika kama mukasi. Ncha za chini zinachongwa na kupitishwa mu moto ili zikomae. Ncha za juu zinafungwa kitambaa, ili muti usigonge kwenye muti mwingine. Ile sauti ndogo tu inafukuza nyama.

Kwa arbaleti aliongeza jambo ambalo mwanafunzi hakulifikiria. Mikono ya arbaleti inatoka kushoto na kuume, na wakati wa kufyatua inaruka kwa nguvu. Ukiweka egemeo mbele sana, mikono inapiga miti, mushale unapotea, na pengine uta wenyewe unapasuka. Kwa hiyo panda iwe nyembamba, iguse chini ya kitako, nyuma ya mikono. Muzee hakuwa amewahi kutumia arbaleti, kwani si silaha ya kwetu. Inajulikana zaidi kwa Wafang wa Gabon na majirani zao. Lakini alishika tu kitu mu mikono, akaangalia kinavyofanya kazi, akajua. Ile nayo ni elimu, ijapokuwa haina diplome.

Sasa njo tunafika kwenye kosa letu. Kwa nini arbaleti na bunduki vinataka egemeo? Kwa sababu kamba ya arbaleti imekwisha kukamatwa na kifyatulio, na bunduki imekwisha kujazwa. Muwindaji anabaki na kazi moja tu, kushika uzito bila kutetemeka. Uta wa kawaida si vile. Mukono mumoja unasukuma uta, mwingine unavuta kamba, mwili wote unafanya kazi, na mushale unaachwa mara moja. Hakuna mutu anayelenga na uta wa mababu juu ya matawi matatu. Basi kisimamio cha Kiluba, hata kikiwa na umbo la panda, hakikuwa cha kulengea. Ni cha kuupumzisha uta, kuutunza, kuupa heshima. Karatasi yetu ilisema uongo kwa maneno matano tu.

Hapa tunapaswa kukumbuka habari ambayo wengi wetu tuliisikia nyumbani. Mu historia ya Waluba, Mbidi Kiluwe, baba ya Kalala Ilunga, alikuwa muwindaji mukubwa aliyekuja kutoka mashariki, na uta wake ulikuwa kitu chake cha thamani. Ndiyo maana uta ukawa alama ya ufalme. Kisimamio chake kiliwekwa mu nyumba ya pekee, pamoja na vitu vitakatifu vya wafalme, na kulindwa na mwanamuke mwenye cheo, aliyeitwa Kyabuta. Watu wa kawaida hawakukiona. Siku ya sherehe, yule mama alifuata nyuma ya mulopwe akibeba uta wa kawaida kati ya matiti yake. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walieleza mambo hayo kwa uzuri mu maonyesho na kitabu chao juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu, mwaka wa 1996, kule New York. Tunawashukuru. Lakini hata baada ya maelezo yao, swali linabaki: kitu kilichotengenezwa ili kisionekane, kinasimama leo mu makumbusho ya Tervuren na ya Marekani, chini ya taa, bila uta, bila mishale, bila Kyabuta. Watu wanasifu sura ya mwanamuke ya kuchonga, na yule mwanamuke wa kweli aliyelinda nyumba anasahauliwa.

Kuna watakaotuambia: «Bila makumbusho, vile vitu vingekwisha kuliwa na mchwa.» Ni kweli kwa sehemu, hatukatai. Lakini kuokoa muti si sawa na kuokoa maana yake. Mu mji wetu tuliona njia ingine: mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka wa 2000, uliwauliza watu wenyewe wa mitaa waeleze maisha na vitu vyao. Kitu cha nyumbani kwa mufanyakazi kilipata heshima ya historia. Hatukujifunza vya kutosha kutoka pale.

Jambo lingine linatuhuzunisha. Kuzunguka Lubumbashi miombo imekatwa kwa ajili ya makala, na nyama wamekuwa haba. Tena sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ipo: kujua kutengeneza egemeo si ruhusa ya kuingia pori na kuua ovyo. Hatufundishi vijana ili wakamalize kidogo kilichobaki mu Upemba na Kundelungu. Tunafundisha ili mukono usisahau, na ili mutoto wa mujini ajue muti gani unanyooka na gome gani linatoa kamba. Mwenye kujua hayo hatakata muti bila kufikiri.

Mwisho tuliamua hivi, na si wote walifurahi. Kisimamio cha kuchonga tulikitoa mbele ya batu. Fundi alikasirika, na tunamwelewa. Kazi yake tunaitunza, na mwenye kutaka kuielewa atakaa kwanza na wazee wa Kiluba na kusikiliza. Mahali pake tuliweka miti mitatu ya muzee, na karatasi mupya: «Egemeo la pori. Miti mitatu, kamba ya gome. Ikivunjika, inakatwa ingine.» Siku ya pili watoto wa masomo walikuja, wakaifungua, wakaifunga, wakagombana nani aanze. Koti halikutundikwa tena pale.