Kabla ya Sekunde, Tazama Jibu

Ukipewa programu ndogo ya kupimia kasi ya kompyuta, usikimbilie kusoma sekunde. Uliza kwanza: inatoa jibu gani? Programu inayotaja muda tu, bila jibu la kuhakikiwa, mimi siihesabu kuwa kipimo hata ikipambwa kwa grafu za rangi.

Ndiyo maana naheshimu chekeche la Eratosthenes, alilolitangaza Jim Gilbreath katika jarida la BYTE, Septemba 1981. Hupitia namba witiri kuanzia 3 hadi 16,383 na kufuta vigawe. Zinazosalia ni namba tasa 1,899. Ukipata 1,898, muda wake utupe. Siku hizi duru moja huisha kufumba na kufumbua, basi irudie mara maelfu. Ujue pia kwamba orodha yake, yenye nafasi 8,191, huenea yote ndani ya kache ya kichakataji, kwa hiyo haikuambii kitu kuhusu kumbukumbu kuu.

Wala haigusi desimali. Hapo tumia kipimo cha Savage, ambacho kwangu ndicho kitamu kuliko vyote. Chukua 1, izidishe kwa yenyewe, tafuta kipeuo cha pili, kisha logi asilia na kinyume chake, kisha tanjenti kinyume na tanjenti yenyewe. Ongeza 1, urudie mara 2,499. Kila hatua inaifuta nyingine, hivyo kwa hesabu safi unaishia na 2,500 kamili. Kompyuta hukosea kidogo kwenye desimali za mwisho, na kosa hilo likiwa kubwa, umeipata mashine iliyowahi kumaliza kwa kulipua kazi.

Jihadhari na kompaila janja. Ikiona jibu halitumiki popote, huiondoa hesabu nzima, nawe unashangilia kasi ya kazi isiyofanyika. Kipimo cha Dhrystone cha Reinhold Weicker, cha mwaka 1984, kiliponzwa na hilo, ikabidi mwaka 1988 litoke toleo la pili. Dawa ni kuchapisha jibu kwenye skrini.

Unapolinganisha mashine mbili, tumia msimbo uleule, kompaila ileile na mipangilio ileile. Kompyuta mpakato ziache kwenye chaji. Halafu zipime mfululizo kwa dakika kumi na uandike muda wa kila duru, kwa kuwa nyingine huanza kwa mbwembwe, zikapata joto, zikapunguza mwendo zenyewe. Ukitaka kununua, linganisha duru za mwisho.